Chuma Chini ya Mtandio

Miguu ya Rehmatbai ilianza kumkatalia kwa adabu. Kwanza kandambili ya kulia ikawa inamvuka bila yeye kujua, anafika jikoni mguu mmoja mtupu, Semeni anacheka, na yeye anacheka. Kisha akawa anashika ukuta. Halafu asubuhi moja, mvua za Elnino zilipokuwa zimekwisha kukatika, akashindwa kuupandisha mguu kwenye kizingiti cha choo cha nyumba yake mwenyewe pale Usagara, Tanga. Akabaki amesimama anaungojea, kama mtu anayemngoja mwenzake avae viatu. Siku hiyo hakuna aliyecheka.

Semeni ndiye aliyembeba. Alikuwa Mdigo wa Moa, amefanya kazi nyumba ile tangu enzi za kupanga foleni ya sabuni. Akamkalisha, akamwosha, akamvisha, kisha akamfunga mtandio shingoni na kuubana kwa pini kifuani, maana hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya nyumba: mtandio wa Bi Rehma haufunguliwi mbele ya mtu. Semeni alijua kwa nini. Walijua na mume na binti, basi, na nje ya mlango ule hakuna mwingine aliyejua.

Mume mwenyewe, Lalji, alikuwa na duka la vitambaa Ngamiani. Zamani, nguo zilipokuwa za kuvizia, hata wenye vyeo walipita dukani kumjulia hali. Soko lilipofunguliwa na marobota ya mitumba yakaingia, duka likageuka la ndoo za plastiki na maua ya bandia, na yeye akageuka mtu wa kuitikia kila linalosemwa ili siku iishe. Usimcheke. Wengi walikuwa hivyo miaka ile, ila wengine walijua kujificha.

Alasiri daktari akaja nyumbani, na nyuma yake nesi kabeba mkoba. Nesi ni Sabiha. Huyu Sabiha inafaa umfahamu, kwa sababu ndiye aliyemuunganisha Farhana, binti wa nyumba ile, na Naushad, kijana wa Mombasa. Posa ilikwisha kukubaliwa na ukumbi ulikwisha kushikwa. Na ndiye huyohuyo ambaye habari ikimwingia sikio la kulia, magharibi haijafika iko Mombasa.

Daktari akamgonga Rehmatbai magoti kwa kinyundo, akamchoma nyayo kwa pini huku akimuuliza, unasikia hapa, na hapa je. Rehmatbai akawa anajibu nasikia hata pini haijafika. Daktari hakudanganyika. Alisema kuna kitu kinaubana uti wa mgongo, pengine uvimbe tu usio na ubaya. Ukitolewa mapema mtu anatembea, ukicheleweshwa miguu hairudi. Lakini mpasuaji hakati gizani; anataka picha ya ile mashine ya sumaku, na ya karibu iko Mombasa. Wiki mbili, alisema, zisizidi. Kisha akauliza kama mama ana maradhi mengine.

Sabiha alikuwa anafunga mkoba, polepole mno.

"Presha kidogo, daktari," Lalji akasema. "Ya utu uzima."

*

Ukweli ni kwamba chini ya mtandio, upande wa kushoto, chini kidogo ya mtulinga, Rehmatbai alikuwa na kidude cha chuma kilichoshonewa ndani ya ngozi. Nyumbani walikiita betri. Waya zake ziliingia hadi moyoni; moyo ukisahau kupiga, betri inaukumbusha. Kabla ya hapo alikuwa anaanguka hovyo, sokoni, msikitini, akikoroga chai. Alikwenda kutiwa Bombay, na watu wakaambiwa amekwenda kununua mapambo ya harusi za mbele. Alirudi na mapambo kweli, masanduku mawili, ili uongo ushibe.

Daktari wa Bombay aliwaonya: asisimame karibu na mafundi wa kuchomelea, asiegemee spika kubwa, na mashine ya sumaku asiisogelee hata mlangoni, inaweza kuivuruga betri au kuizima kabisa. Siku hizi, nasikia, mambo ni mengine. Zipo betri zilizotengenezwa kwa ajili hiyo. Zinapangwa upya kwanza, daktari wa moyo anasimama palepale akiangalia mapigo, mgonjwa anaingia na kutoka, wanampa juisi. Wakati ule jibu lilikuwa moja tu, hapana.

Kwa nini kuficha? Kaka yake Rehmatbai alikufa kwenye kiti cha kinyozi, na shangazi yake akafa anakunja nguo, na watu wa jamaati, jumuiya yao ya Kihindi, wakawabandika jina: ukoo wa moyo. Posa ya kwanza ya Farhana, ya Dar es Salaam, ilivunjika kwa jina hilo. Watu wale hawakusema neno, waliacha tu kupiga simu. Farhana akarudi kufundisha chekechea cha jamaati, miaka ikaenda, wanawake wakaanza kumwangalia kwa huruma, na ile huruma ilimuuma mama yake kuliko kuanguka kote. Alijiona amemwibia mwanawe. Naushad alipotokea, Rehmatbai aliapa kwamba safari hii hakuna atakayejua, hata ikiwaje.

*

Simu ya Mombasa ilipigwa kabla daktari hajakunywa chai yake nyumbani kwake. Ummekulsum, mama yake Naushad, alizungumza kwa upole hadi Lalji akatamani angekuwa mkali. Kwanza aliwalaumu kidogo: hivi ndivyo ndugu wanavyofichana maradhi? Kisha akapanga kila kitu. Watafikia kwake, mambo ya hoteli asiyasikie. Hospitali wanamjua. Na mgonjwa atampeleka yeye mwenyewe, kwa mkono wake, maana mama wa bibi harusi wake ni dada yake.

Ungemkataaje? Kwa watu hawa, mkwe mtarajiwa akikufungulia nyumba, kukataa ni kumwambia kuna jambo. Lalji akasema asante, asante, akaweka simu na kukaa kitandani karibu na mkewe. Alikuwa na mpango. Wakifika hospitali, atamvuta daktari pembeni, amnong'oneze habari ya betri, daktari atatafuta njia nyingine na kusema tu kwamba mashine imeharibika. Wanaume wawili, dakika moja. Rehmatbai alimsikiliza akitazama miguu yake chini ya shuka. Alimwambia ni mpango mzuri. Hakuuamini hata chembe, lakini ndoa yao ilikuwa ya kuambiana hivyo.

Barabara ya Horohoro ilikuwa bado mashimo matupu. Walimlaza nyuma ya Peugeot juu ya godoro, Farhana akimshika kichwa. Mpakani afisa mmoja alitaka ashuke ili auone uso wake vizuri, na dereva na Lalji wakamshusha wakimning'iniza kwapani, gauni limepanda hadi magotini, na foleni nzima ya watu inatazama. Kabla ya kufika Likoni mkojo ulimtoka bila yeye kujua, na Farhana alipogundua akamfunika kanga na kuanza kuzungumzia rangi za nguo za harusi. Mama yake alimjibu kila neno, pinki hii, bluu ile, huku machozi yakimtiririkia masikioni.

*

Asubuhi iliyofuata, hospitalini, mpango wa Lalji ulikufa kwa ukarimu. Naushad alimketisha sehemu ya wanaume, akamletea chai na sambusa, akakaa naye goti kwa goti. Lalji alipoinuka kumtafuta daktari, kijana alimshika bega, akamwambia, baba, wewe kaa, mimi nipo. Akaenda yeye, akarudi akitabasamu. Daktari yuko chumba cha upasuaji hadi mchana, lakini picha haimhitaji daktari, yupo mtaalamu wa mashine, na kila kitu kimeshapangwa. Lalji akashika kikombe kwa mikono miwili. Hakujua aseme nini, kwa hiyo akasema asante.

Huko ndani, mtaalamu wa mashine alikuwa mwanamke wa makamo aliyeitwa Ruthi. Alisimama mbele ya kiti cha magurudumu. Farhana alikuwa upande mmoja, na Ummekulsum, ambaye Farhana alimwita Masi kwa heshima kama mama mdogo, alikuwa upande wa pili, mkono wake begani kwa mgonjwa.

"Mama, uko na chuma yoyote ndani ya mwili?" Ruthi akauliza. "Risasi, misumari ya mfupa, kifaa ya moyo? Niambie ukweli. Hii mashine haina mchezo."

Ule mkono ulikuwa bado begani, wa joto, wenye pete. Rehmatbai akasema, "Sina."

Ruthi akamtazama Farhana, kama wafanyavyo wote mgonjwa akiwa mtu mzima na mtoto akiwa msomi. Farhana akatazama sakafu. Basi Ruthi akasema wamvue vitu vyote vya chuma: kipini cha pua, pini za nywele, bangili. Bangili hazikuvuliwa tangu siku ya ndoa, na mikono ilikuwa imenenepa. Ummekulsum akaagiza sabuni, akakunja mikono ya gauni lake zuri, akapiga magoti kwenye sakafu ya hospitali na kuzisugua taratibu, moja baada ya nyingine, akimpa pole kila ngozi ilipovutika. Hakuna aliyewahi kumfanyia Rehmatbai kitu kama kile, hata dada zake wa kuzaliwa. Angependa kumchukia mwanamke huyu, ingekuwa nafuu.

Alipotaka kumvua mtandio, Rehmatbai aliushika kwa ngumi mbili. "Farhana atanivua," akasema. Ummekulsum akacheka kidogo na kurudi nyuma. Alidhani ni haya ya mtu wa Tanga.

*

Nyuma ya pazia palikuwa pembamba, kiti na watu wawili hawageuki. Farhana alifungua pini ya mtandio. Kidude kilionekana wazi chini ya ngozi, kimetuna, na kovu lake juu yake. Akamvisha mama yake gauni la hospitali, akaanza kufunga kamba.

"Mama, itakuzima," akanong'ona.

"Pengine isinizime. Bombay walisema inaweza. Hawakusema lazima."

"Mama."

"Punguza sauti." Rehmatbai akamvuta karibu hadi mashavu yakagusana. Alizungumza taratibu, kama mtu aliyekwisha kuyafikiri yote barabarani, juu ya godoro. "Nikifia mle ndani, watasema ni mgongo. Nani atakataa? Mtu mzima, mgonjwa, safari ndefu."

"Watakaokuosha wataiona."

"Utaniosha wewe. Mtoto wa kike ana haki ya kumwosha mama yake. Utamwambia Masi unataka mwenyewe, na Semeni aje akusaidie."

Farhana aliziba mdomo kwa kiganja. Mama yake alikuwa amelipanga hadi josho la maiti.

"Ukisema," Rehmatbai akaendelea, "ndiyo imekwisha. Utarudi Tanga unigeuze kitandani asubuhi na jioni mpaka uote mvi, na watu wakuonee huruma. Mimi siwezi kulala hapo nikikutazama unazeeka kwa ajili yangu. Nakuomba. Sijawahi kukuomba kitu."

Ilikuwa kweli, hakuwahi. Na Farhana, niseme ukweli, alifikiri. Kwa muda wa kufunga zile kamba alifikiri sawasawa: alimwona Naushad, aliona nyumba ile ya Mombasa yenye upepo, aliona na kile kitanda cha Usagara na harufu yake. Alimpenda mama yake na alichoka naye kabla hata ya kuanza kumuuguza. Kisha akasukuma kiti nje ya pazia.

Ruthi alikuwa ameshashika mlango mzito wa chumba cha mashine. Kutoka ndani ilisikika ile mashine inagonga taratibu, hata ikiwa haina mtu. Kiti kilipofika kizingitini Farhana akasimama.

"Dada," akasema, "mama ana betri ya moyo. Iko hapa." Akaweka kiganja juu yake, mbele ya wote. Mama yake akamkamata kifundo cha mkono na kukiminya, kucha zikaingia.

Hakuna aliyepiga kelele. Ruthi alifunga mlango, akakishika kiti na kukirudisha nyuma hadi kikagota ukuta wa mbali. Ndipo hasira ilipompanda. Aliwauliza kwa sauti ya chini kama walitaka amuue mama huyu kwa mikono yake, halafu yeye aende aseme nini kwa watoto wake. Rehmatbai alikuwa amefumba macho.

Ummekulsum aliuliza kitu kimoja tu. "Tangu lini?" Akajibiwa. Akaokota zile bangili, akazisuuza sabuni kwenye sinki, akazikausha kwa ncha ya mtandio wake na kumrudishia Rehmatbai mapajani. Safari hii hakumvisha.

*

Mchana daktari akatoka kwenye upasuaji, akaja, akakasirika yeye pia. Alisema iko njia ya zamani: dawa ya rangi inapigwa kwa sindano ndani ya mgongo, kisha wanapiga eksirei. Inauma, lakini inaonyesha. Haigusi betri. Kama daktari wa Tanga angeambiwa ukweli, angemleta kwa njia hiyo tangu siku ya kwanza. Alitaka kuifanya keshokutwa, na akikuta alichokitarajia, kesho yake apasue. Kila siku inayopita, alisema, inakula mguu.

Nyumbani kwa Ummekulsum walikula biriani, na hakuna aliyetaja kitu mpaka mikono ikaoshwa. Lalji alikuwa amekaa ukingoni mwa kochi kama mtu aliyekuja kuomba kazi. Ummekulsum akasema yeye si mtu wa kuvunja neno mbele ya Mungu, na kwamba Farhana amemwonyesha leo ni mtoto wa aina gani, na hilo analiheshimu. Lakini mwanawe ni mmoja. Basi Farhana apimwe moyo, kesho asubuhi. Ukiwa mzima, nikahi isomwe.

Lalji akasema ndiyo kabla sentensi haijatua. Naushad alikuwa anatazama zulia. Alipoinua uso alimwambia Farhana kwamba yeye mwenyewe hana neno, ila roho ya mama itulie. Farhana hakuulizwa.

Alipimwa. Alilazwa kifua wazi, akabandikwa waya, na Ummekulsum akasimama kando, kwa kuwa hakutaka tena kuambiwa mambo na watu. Wakampima na kwa mashine nyingine ya kuonyesha moyo ukipiga. Daktari akasema ni moyo mzima, hauna kasoro hata moja. Ummekulsum akambusu kwenye paji la uso na machozi yakamtoka, ya kweli. Huko kwenye ukumbi wa kungojea Rehmatbai alipoambiwa, alishukuru kwa sauti hadi wagonjwa wengine wakageuka.

Ndipo likaja jambo ambalo Farhana hakuliwazia. Waliporudi nyumbani na kukaa sebuleni, Ummekulsum alisema sindano ya mgongo ingojee. Harusi ni mwisho wa mwezi. Ndugu wa Dar na wa Toronto wamekwisha kukata tiketi. Mpasuo si kitu cha kuchezea kwa mtu mwenye betri, na likitokea la kutokea kutakuwa na msiba, na posa iliyoingiliwa na msiba kila mtu anajua inavyoishia, hasa kwa ukoo ambao watu wameshaupa jina. Nikahi kwanza. Ikishasomwa, hakuna wa kusema kitu, na yeye atamuuguza Rehmatbai kama dada yake. Aliyasema haya kwa nia njema. Ndiyo maana hayakuwa na mahali pa kushika.

"Masi ana haki," Rehmatbai akasema haraka. "Miguu yangu haijaenda popote. Itangoja."

Farhana akamtazama baba yake, na baba akatazama saa ya ukutani. Akamtazama Naushad. Aliyajua maneno ya daktari, aliyasikia kwa masikio yake, kila siku inakula mguu. Alifungua mdomo. Mama yake akamshika mkono, palepale penye alama za kucha, safari hii kwa kumpapasa.

"Umeshasema mara moja, mwanangu," akamwambia. "Inatosha."

Na Farhana alinyamaza. Siku ile ya kwanza alikuwa na ujasiri wa mara moja, akautumia wote. Wapo watakaomlaumu, lakini hawakuwepo kwenye lile kochi.

*

Harusi ilifana. Rehmatbai alikaa mbele kwenye kiti chenye mito, na wageni wakasifu anavyopendeza. Sabiha alikuja kutoka Tanga, akala akashiba, akawaambia wanawake kwamba yeye alijua tangu mwanzo habari ya betri ila si mtu wa maneno.

Sindano ya rangi ilipigwa baadaye. Kilichokutwa ni uvimbe mdogo, usio na ubaya, wa kushikika kwa vidole viwili. Daktari aliutoa wote, na betri haikusumbua hata kidogo. Maumivu yakaondoka. Miguu haikurudi. Daktari alimweleza Lalji na Farhana koridoni kwamba ungetolewa ile wiki ya kwanza mama angetoka na fimbo, na baada ya miezi angeitupa. Lalji akasema asante.

Mwaka uliofuata Farhana alikuja Usagara na mumewe kutwa moja. Aliwakuta uani, Semeni anafua, mama yake kwenye kiti anachambua mchele, amenenepa, mtandio begani hovyo, shingo na kovu waziwazi. Hakuwa na cha kuficha tena. Alimuuliza habari za Mombasa, za Masi, za jikoni mpya, na kila jibu alilirudia kwa Semeni kwa sauti, ili na majirani wapate. Farhana alijibu yote. Kisha akapiga magoti, akashika nyayo za mama yake, zilizokuwa za baridi na laini kama za mtoto ambaye hajakanyaga chini, na lile jambo likamtoka.

"Mama, ungekuwa unatembea. Ningesema tena, ungekuwa unatembea."

Rehmatbai aliokota kijiwe kwenye ungo akakitupa. Hakuwa amekasirika, alionekana ameshangaa kidogo tu, kama mtu aliyeulizwa jambo asilowahi kulifikiria.

"Niende wapi?" akauliza.

Farhana alikuwa bado amezishika zile nyayo. Huko nje Naushad akapiga honi, maana walitakiwa wafike Horohoro kabla mpaka haujafungwa.